Kanga Tatu za Kumrudisha Sikudhani

Zamani zile za foleni, kanga ilikuwa kanga. Ulisimama duka la ushirika tangu alfajiri, ukapewa uliyopewa, ukaenda nayo nyumbani unashukuru, na maandishi yake hakuna aliyeyahangaikia. Kisha biashara ikafunguliwa, kanga zikajaa soko la Majengo hadi zikaning'inia barazani, na hapo ndipo wanaume walipoanza kusoma. Bi Tabu, ambaye hakusoma hata siku moja na kahawa yake haikuwahi kulalamika, aliyaona yote haya kutoka kwenye kigoda chake cha kuuzia kahawa nyuma ya soko. Asubuhi hiyo Hamza alifika kijiweni na doti tatu kwapani, alizoazima dukani kwa ahadi ya kurudisha mbili. Ilikuwa siku ya nane sasa tangu mkewe, Sikudhani, arudi kwao Kondoa, na basi la Kondoa lingeondoka saa nne.

— Shida ni ile kanga ya Idi, alisema Hamza. Iliandikwa SASA NIMEKUJUA. Nimempa Ijumaa, Jumapili hayupo.

— Umemtukana mtoto wa watu kwa wino usiofutika, alisema Raphael, tarishi wa ofisi ya serikali, ambaye kijiwe kilimwita Waziri.

— Mimi nilipenda maua yake.

— Maua hayasomeki, bwana. Hebu tuone hizo.

Hamza akakunjua ya kwanza: RUDI TUYAMALIZE.

— Tuyamalize yapi? aliuliza Shaaban, aliyewahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi na tangu hapo akaitwa Mahakama. Hapo umeshakiri. Baba mkwe atataka uyataje moja moja.

Ya pili: ASANTE KWA WEMA WAKO.

— Hiyo wanapewa wastaafu, alisema Waziri. Umpe na mabati ishirini kabisa.

Ya tatu: MOYO WANGU NI WAKO PEKEE.

— Pekee ndiyo imeharibu, alisema Mahakama. Kwani nani aliuliza mko wangapi?

Hamza akaikunja upesi, kama aliyekamatwa nayo.

— Mimi nawaambia, viwanda vya nje vinafanya makusudi, Mahakama aliendelea. Ndoa moja ikiyumba, doti tatu zinauzwa. Mnaziona hizi hapa. Wamekaa mezani wakapiga hesabu.

— Faili la jambo hilo nimelibeba mwenyewe, alisema Waziri.

— Linasemaje?

— Ni la siri. Hata mimi sikulifungua.

— Enzi za foleni ndoa zilidumu, alisema Mahakama.

— Enzi za foleni hata kibiriti hukuwa nacho, Shaaban, alisema Bi Tabu. Ulikuwa unakuja kuomba moto kwangu.

Saa tatu na nusu ikapita. Kule stendi utingo akaanza kugonga ubavu wa basi. Hamza bado alikuwa anazigeuza doti, kahawa yake haijaguswa, ndipo akafika mwanamke mgeni, Yasinta, na kapu la mlenda mkavu kutoka kijiji cha Mtumba. Akawapa wote shikamoo, akaomba kahawa, akakaa kusikiliza. Alipomaliza kikombe akauliza:

— Kaka, huyo mkeo anajua kusoma?

Hamza akaziweka doti mapajani.

— Miaka tisa ya ndoa hiyo, Hamza, alisema Bi Tabu.

— Sijawahi kumwona na kitabu, alisema Hamza. Lakini na yeye hajawahi kuniona nacho.

— Siku anaondoka alisema nini? aliuliza Yasinta.

— Alisema mengi.

— Kama yapi?

Hamza akatazama viatu vyake.

— Kulikuwa na mpira redioni.

Hata Waziri alijifanya anatafuta kitu ndani ya kikombe. Bi Tabu akachukua kahawa ya Hamza, akairudisha kwenye birika.

— Nenda, mwanangu. Hizo acha hapa, mwenyewe nitazirudisha dukani. Ukifika, kaa chini, funga mdomo, mwambie aanze upya tangu mwanzo.

— Mikono mitupu, Bi Tabu?

— Masikio si unayo?

Hamza akakimbia. Bi Tabu akazikunja doti juu ya paja, akipitisha kidole kwenye herufi asizozijua. Kwa macho yake zote tatu zilikuwa nzuri.

Mahakama akakohoa.

— Huo mpira, alishinda nani?

— Sare, alisema Waziri.

— Sare ya wapi? Bao la pili lile lilikuwa halali.

Basi la Kondoa lilipopita barabarani na Hamza dirishani, walikuwa bado kwenye bao la pili.