Seva Tatu za Zinga na Salamu Niliyoshindwa Kuitikia

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Jamani, itikieni zaidi ya hapo, maana leo sikuja kushuhudia kinyonge! Mnanijua. Ni mimi Yohana, fundi wa kompyuta, yule mnayemwona kila Jumapili akihangaika na waya za maikrofoni hii. Leo sigusi waya. Leo nasema jinsi Mungu alivyonitoa kwenye uongo, na mafaili ya wagonjwa wa kituo chetu cha afya cha Zinga yakapona pamoja nami!

Kwa wasioijua kazi hii, kituo kilitaka kumbukumbu zake zikae humu humu ndani, zisitegemee intaneti. Nikafunga kompyuta tatu kubwa, tunaziita seva, nikaziunganisha kwa kisanduku kinachoitwa swichi, zishikane na kufanya kazi kama moja. Faili likiingia linanakiliwa kwenye zote tatu. Mpango huo mafundi tunauita wingu. Ndugu zangu, nilijiona! Nilipita kwenye korido za kituo utadhani mimi ndiye daktari bingwa.

Sasa pale kuna Bi Mwanaidi, mtunza kumbukumbu, mama wa Kiislamu wa Bagamoyo mjini. Ameyalea mafaili yale tangu mimi sijajua hata kuwasha redio. Aliniambia, "Fundi, ile kompyuta ya zamani usiiguse mwezi mzima. Tulione kwanza hilo wingu lako." Nikasema sawa, mama. Alhamisi, nilipomaliza tu kuhamisha mafaili, nilifuta kila kilichokuwamo kwenye kompyuta ya zamani, nikang'oa diski zake nikaziongeza kwenye wingu langu. Nilitaka lionekane kubwa! Aliponiuliza kama nakala ya zamani bado ipo, nikamwangalia machoni nikasema ipo.

Jumamosi saa sita mchana umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa kishindo ukaunguza swichi. Sikuwa na wasiwasi. Stoo kulikuwa na swichi kuukuu, nikaichomeka, taa zikawaka kijani. Mafundi tuna amri fupi ya kuiuliza mashine, "Upo?" nayo hujibu, "Nipo." Nikaziuliza seva zote tatu, zote zikajibu zipo. Lakini nikifungua faili, kimya! Kila seva inalalamika kwamba haizioni diski za wenzake. Zinaitikiana vizuri kabisa, ila kupeana mafaili haziwezi.

Nikahesabu siku. Jumanne ni kliniki ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu, na kati yao kuna binti mdogo kutoka Makurunge. Kuna dawa aliwahi kupewa, uso ukamvimba mpaka pumzi ikaanza kumkatika. Mama yake halikumbuki jina la dawa ile. Jina limo kwenye faili, na faili limo kwenye wingu lililokaa kimya, na nakala niliyosema ipo, haipo!

Nilibadilisha kebo. Nilizima na kuwasha. Nilichomoa diski moja moja nikazipima, zote nzima. Nilifunga kula, nikaziwekea seva mikono, nikakemea pepo wa diski! Msicheke, nawaambia kweli. Pepo hakuwamo kwenye diski. Alikuwa ameketi kwenye ulimi wangu. Maana Jumapili nilisimama hapa hapa, mkaniuliza kazi ya kituo inakwendaje, nikawajibu inakwenda vizuri, Mungu ni mwema. Na Jumatatu asubuhi nikawaambia wauguzi kwamba intaneti ndiyo inayosumbua. Intaneti! Wingu ambalo nililisifia kote kwamba halihitaji intaneti!

Baada ya kuwadanganya wauguzi nilimkuta Bi Mwanaidi mlangoni kwake. Nikamrushia shikamoo nikiwa napita. Akasema marahaba, hujambo? Nikasema sijambo. Kisha akaendelea kama wanavyoendelea watu wa pwani, hawana haraka: umeamkaje, mama watoto hajambo, wanao wameamkaje, habari za tangu juzi? Ndugu zangu, sikuweza kujibu hata moja.

Akanishika mkono. "Mwanangu, salamu fupi unaitikia, ndefu unanyamaza. Una nini?"

Nililia! Mtu mzima nililia pale koridoni, nikamwambia yote. Kwamba nakala haipo. Kwamba niliifuta Alhamisi ile ile. Hakupiga kelele. Alivua miwani yake akaifuta muda mrefu, nami nikatamani angepiga kelele.

"Mimi umenidanganya, nitasamehe," akasema. "Yule mtoto wa Makurunge je? Nenda kawaambie wauguzi sasa hivi, wasije wakatoa dawa kwa kukisia. Kawaambie mwenyewe."

Nikaenda. Nikamwambia na mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, nikijua naweza kufukuzwa pale pale. Alikasirika, na haki yake. Lakini nilipotoka ofisini kwake nilikuwa mwepesi, ndugu zangu, mwepesi! Na kichwa kilipotulia ndipo maneno ya Bi Mwanaidi yakanirudia. Salamu fupi unaitikia, ndefu unanyamaza. Nikasimama katikati ya korido nikapaza sauti, "Bwana!" Wagonjwa wakageuka.

Nikakimbilia chumba cha seva. Nikatuma tena ile amri, lakini safari hii si fupi. Nikaipakia data nyingi, fungu kubwa kabisa. Kimya! Nikatuma fupi, ikajibiwa. Ndefu, kimya! Kumbe siku ya kwanza nilizipangia seva zitumiane data kwa mafungu makubwa makubwa, nionekane fundi wa kasi. Ile swichi mpya iliyoungua iliyabeba. Ile kuukuu hupitisha madogo tu, makubwa inayatupa na wala haisemi. Ubishoo wangu mwenyewe! Nikaziamuru seva zirudi kwenye mafungu ya kawaida, kama ya watu wote.

Mngeona! Seva ya kwanza ikaziona diski za pili, ya pili ikaziona za tatu. Alama nyekundu zikawa njano. Njano zikaanza kuwa kijani moja baada ya nyingine, nami naruka humo ndani kama ndama! Hakuna faili hata moja lililopotea!

Jumanne mama wa Makurunge alikuja na binti yake. Bi Mwanaidi alifungua faili, akamsomea muuguzi jina la dawa ile kwa sauti, nami nikiwa nimesimama nyuma yake nashukuru. Leo nakala ya pili ipo kweli, kwenye kabati, na ufunguo anao yeye.

Ndugu yangu uliyeketi hapo, labda na wewe unaitikia salamu fupi tu. Tukikuuliza hujambo unasema sijambo, tukizidi kuuliza unatazama chini. Mtumaini Yesu leo! Mwambie lile lenyewe, na umwambie na yule uliyemkosea. Hutavunjika. Mimi sikuvunjika.

Bi Mwanaidi amekubali kuja kunisikiliza, yule pale karibu na mlango, mwenye ushungi wa bluu. Shikamoo, mama! Jumatatu ile uliniuliza nimeamkaje, nikashindwa. Nakujibu leo mbele ya watu wote. Mama watoto hajambo, wanangu hawajambo, na mimi nimeamka salama.