Ukucha Uliotupwa Ndooni

Ndugu, jamaa na marafiki, tunawaomba mtusikilize kwa utulivu, kwa kuwa marehemu shangazi yetu, ambaye wagonjwa wake walimwita Mama Kucha, aliandika sehemu ya historia hii kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza isipunguzwe hata neno, na sisi tuliomjua hatuthubutu kumkaidi hata leo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi viatu na mama mshonaji, na alipokuwa na miaka sita alijigonga kidole kwa nyundo ya baba yake, ukucha ukawa mweusi, ukang'oka, naye akawa anaupima ule mpya kila Jumapili kwa utepe wa mama yake na kutangaza matokeo mezani kama msomaji wa taarifa ya habari. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1970, na sekondari kuanzia 1971 hadi 1976, ambako alikuwa wa kwanza katika baiolojia na wa mwisho kabisa katika kuimba. Alihitimu udaktari mwaka 1982, na tarehe 2 Januari 1985 akaanza mafunzo ya upasuaji katika hospitali ambayo hakuihama mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2016. Wenzake walikimbilia matumbo na vifua, yeye akang'ang'ania ncha za vidole, na aliyemcheka aliambiwa ajaribu kufunga vifungo vya shati bila ncha hizo.

Jumanne tarehe 8 Oktoba 1985, saa nne asubuhi, aliletewa kijana fundi saa, dole gumba lake la kushoto limebanwa na mlango wa chuma wa kibanda chake, ukucha unaning'inia, na nyama laini ya chini yake imechanika. Ukucha huo ndio aliofungulia mifuniko ya saa, kwa hiyo aliuliza jambo moja tu, kama utaota ukiwa mzima, maana ukiota umepasuka kazi yake imekwisha.

Hapa ndipo panapoanza yale aliyoyaandika shangazi, nasi tunayasimulia kwa niaba yake bila kupunguza jambo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushona kidole bila mkubwa wake kusimama nyuma yake, akatia ganzi, akautoa ukucha, akaosha kidonda, na kwa haraka ya kusafisha meza akautupa ukucha ndooni pamoja na pamba za damu, ilhali alikuwa amefundishwa kwamba ukucha huoshwa na kurudishwa juu ya mshono, uwe kifuniko, na uzuie ngozi isishikane pale ukucha mpya unapochipuka. Alipokumbuka, ndoo ilikuwa imeshaondolewa. Basi akachukua ile karatasi ngumu ya kung'aa iliyofungia uzi wa kushonea, akaikata umbo la ukucha, akaishonea mahali pake, na kwa uso mkavu akamwambia mgonjwa kwamba siku hizi ndivyo inavyofanywa.

Fundi alitembea wiki tatu na ukucha unaometameta, mtaa mzima ukimtania, na hata alipoambiwa arudi kila mwezi, yeye alirudi kila wiki. Kufikia Aprili 1986 ukucha ulikuwa umekamilika, mzima, wenye mstari mwembamba katikati ambao yeye huapa kwamba unafungua saa vizuri kuliko zamani. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa binti mwaka 1988 na mvulana mwaka 1991, na maisha yao yote waliitana Fundi na Daktari, hata walipokuwa wakigombania blanketi.

Kila daktari aliyefundishwa naye alikuta kwenye sinia la vifaa kisahani kidogo cha kuwekea ukucha, na ole wake aliyekisahau, lakini hakuna aliyejua kilitoka wapi. Leo mmejua.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2023, akafariki Jumapili tarehe 12 Mei 2024, saa nane mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa Fundi. Katika ukurasa wake anakiri kwamba kwa miaka thelathini na minane kila alipouona mstari ule alitaka kumwambia mumewe ukweli, ulimi ukamgomea, na aliogopa kwamba atacheka kwa nje na kuumia kwa ndani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake, ambao wamekuja na kile kisahani.

Hatukutaka kumshtukiza mzee wetu mbele yenu, hivyo jana tulimpa ukurasa huo kwenye meza yake ya kazi. Aliusoma mara mbili, akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema, "Niliuona ukiingia ndooni. Lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka, nikajua nikisema neno hataweza kushona."

Pumzika, Daktari wetu, na amani yako iwe kamili. Fundi alijua tangu siku ya kwanza.