Bi Ndoo na Maji ya Kila Ijumaa

"Bibi, samaki wanakojoa wapi?"

Nilikuwa na miaka mitano nilipomwuliza marehemu swali hilo sebuleni, mbele ya wageni wenye chai mdomoni. Shangazi alinifinya. Bibi hakucheka. Alilitazama tangi lake la samaki, akanitazama mimi, akasema, "Hilo swali ni zito, mjukuu wangu. Niachie nilifanyie kazi." Alilifanyia kazi miaka kumi.

Marehemu bibi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Ndoo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne kati ya sita. Inasimuliwa kwamba alianza kutambaa kwa sababu alisikia bomba la uani likidondosha maji.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, na Januari 1969 akajiunga na chuo cha ufundi, msichana pekee kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Mwalimu wa karakana alimwuliza kama amepotea akitafuta jiko. "Hapana, mwalimu. Nimefuata maji." Alihitimu Desemba 1971, wa pili darasani. Wa kwanza, bibi alishikilia hadi mwisho, alimchungulia.

Mwaka 1976 bomba lilipasuka katika kiwanda kidogo cha mikate. Mwokaji alipomwona mlangoni na begi la vifaa, akauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Basi nasubiri mumeo aje?"

"Subiri, kaka. Ila mikate yako itajifunza kuogelea."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 13 Agosti 1977. Huyo mwokaji ndiye babu yetu, na mpaka leo hasubiri fundi mwingine.

Kwa miaka thelathini na minane marehemu aliziba, alizibua na kuunga mabomba. Kazi yake ya mwisho, mwaka 2010, ilikuwa tangi la samaki lililovuja kwa daktari wa meno, kwenye chumba cha kusubiri. Daktari alikuwa anastaafu pia. "Fundi, ukiliziba, lichukue." Likaja nyumbani kwa mkokoteni: maji ya chumvi, samaki wanne, na matumbawe ya zambarau, hai kabisa, yanayofunguka kama maua.

Hapo ndipo alipokutana na adui yake mkubwa, naitreti. Kwa wasioijua: kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki huoza majini, na mwisho wa kuoza huko ndiyo naitreti. Haionekani, hainuki. Ikizidi, matumbawe hujifunga na kufa kimya kimya. Bibi alipima kila Ijumaa: maji kidogo kwenye kichupa, matone ya dawa, tikisa, subiri. Njano ni salama, nyekundu ni hatari. Mwaka 2019 kichupa kilikuwa chekundu kama pilipili, namba themanini kwenye kadi ya rangi, na matumbawe yalikuwa yamejifunga kwa wiki tatu.

Alibadilisha robo ya maji kila Ijumaa, ndoo kwa ndoo, ndiko lilikotoka jina lake. Yote kwa mpigo hakuthubutu, samaki wasingestahimili. Alisuuza sponji za chujio. Naitreti ikashuka Ijumaa, ikapanda Jumatano. "Kuna mahali panavuja," alisema, "ila panavujia ndani."

Jumamosi moja alijilaza chini ya meza ya tangi akikaza kiungo cha pampu. Hatukujua yupo. Akaja mjomba: "Maskini, mnavyonikodolea macho! Shikeni, msimwambie mtu." Akatupia chakula. Akaja shangazi: "Nyumba hii jamani, hata samaki hawalishwi!" Akatupia. Nikaja mimi, nikatupia bila hotuba. Wa mwisho alikuwa babu, mkate kwapani na makombo yake kiganjani: "Wapenzi wangu, chai ya saa nne."

Sauti ikatoka chini ya meza: "Na mimi nitupie, mzee, maana naona leo ni sherehe."

Babu aliangusha mkate mzima majini.

Kikao kiliitwa palepale. "Mnawapenda mpaka mtawazika," bibi alisema. Tangu siku hiyo kopo la chakula lilikaa mfukoni mwa aproni yake: mlishaji mmoja, mara moja kwa siku, kiasi cha ncha za vidole viwili. Pia aliotesha mwani kwenye ndoo ya pembeni, maji yakawa yanapitia humo, kwani mwani huila naitreti kama mbuzi aliyeona shamba. Themanini ikawa arobaini, ikawa ishirini. Ijumaa ya kumi na moja kichupa kilibaki njano, na matumbawe yakafunguka. Babu alioka keki. Samaki hawakupewa.

Februari 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alipoelezwa kwamba damu yake itasafishwa kwa mashine mara mbili kwa wiki, alimwuliza nesi, "Mnabadilisha robo au yote?" Nesi alicheka mpaka akakaa. Ugonjwa haukumtisha kama tangi: nani angebeba ndoo? Hakumwomba mtu. Basi kila Ijumaa nikitoka shule nilibadilisha robo, nikapima, nikampelekea kichupa wodini. Alikiinua dirishani. "Hii ni rangi ya chungwa. Umelisha mara mbili, wewe." Kweli, nilikuwa nimelisha mara mbili.

Ijumaa tarehe 7 Juni 2024 kichupa kilikuwa njano. Alikishika muda mrefu, akatabasamu: "Haya, sasa naweza kulijibu lile swali lako." Akalijibu, tukacheka wote wawili mpaka wagonjwa wa jirani wakageuka. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, babu akiwa ameushika mkono uliokaza mabomba ya nusu ya mtaa huu.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake wawili, samaki sita, matumbawe yaliyo wazi hadi asubuhi ya leo, na mtaa usiovuja. Apumzike kwa amani, na hata akisikia bomba linadondosha maji huko, asiamke.

Na samaki wanakojoa wapi?

"Humo humo wanamoishi, mjukuu wangu. Kama sisi tu. Ndiyo maana kila nyumba lazima awepo mtu wa kubeba ndoo. Ya Ijumaa ijayo ni yako."