Barakoa ya Mtani

Siku zile za korona, dereva wa basi alikataa kuondoka Bignona mpaka kila abiria avae barakoa. Wote walivaa, isipokuwa mzee Waly Ngom, aliyeitia yake mfukoni akakunja mikono. Dereva alisihi, akafoka, mzee akabaki kama gogo. Nyuma yake alikaa Kaddy Sambou, ambaye binti yake alikuwa leba Ziguinchor, uzazi wa kwanza, na damu ilikuwa inamtoka.

"Baba, ukoo wako upi?" Kaddy akamuuliza.

"Ngom."

Kaddy akamshukuru Mungu. Jina hilo ni la Kiserere, naye ni Mjola: makabila mawili ya Senegali, watani tangu mababu, kila mmoja humwita mwenzake mtumwa!

"Kumbe mtumwa wangu! Nani kakupa ruhusa ya kufa?"

Basi zima likaangua kicheko.

"Mtumwa nani, mla wali wewe? Nyie Wajola ndio mali yetu!" Lakini mzee alishaitoa barakoa mfukoni na kuivaa mdomoni.

"Funika na pua. Mali yangu haikai wazi."

Mzee akaivuta hadi puani. Wizara ya Afya ilikuwa imebandika matangazo hadi chooni, na hakuna lililomtikisa hivyo.

Basi likaondoka. Kaddy akamweleza mzee habari za binti yake, kisha wakabishana nani bwana, nani mtumwa, mpaka lango la hospitali ya Ziguinchor. Kaddy akashuka mbio, na mzee akatoa kichwa dirishani.

"Mnilelee vizuri huyo mtumwa wangu mpya!"