Dkt. Candida Mtenga Kavishe (1977–2026): Aliyeyatafutia Maji Njia

Marehemu Candida alizaliwa tarehe 2 Februari 1977 Kilema, mkoani Kilimanjaro, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Pius Mtenga na Mama Josepha. Mwaka 1983 baba alifungua duka la jumla Kariakoo, na familia yote ikahamia Dar es Salaam, katika nyumba ileile iliyopo hadi leo.

Alianza shule ya msingi Gerezani mwaka 1984. Mvua za masika zilipojaza mtaa, alimbeba mdogo wake Ansbert mgongoni na kumvusha, kamba za viatu vyao ameziuma kwa meno. Wakirudi walitupa vizibo vya soda mtaroni, kisha wakakimbia kuona vinatokea wapi. Mama alipouliza wamechelewa wapi, Candida alijibu, "Mama, vinaingia vingi, vinatoka vichache. Huko chini pameziba." Mama alimchapa, lakini baba alicheka na kusema mtoto huyu asomeshwe.

Alisoma. Mwaka 2002 alihitimu uhandisi wa ujenzi, na mwaka 2012 alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti wake wa namna barabara, makalavati na mifereji inavyoweza kustahimili mafuriko. Alifundisha chuoni miaka mingi, na wanafunzi wake wanaukumbuka usemi wake: "Mvua ni ya Mungu. Mafuriko ni ya kwetu."

Tarehe 8 Januari 2005 alifunga ndoa takatifu na Bwana Jovin Kavishe. Siku ile mvua ilinyesha, naye alisimamisha gari la maharusi ili atazame kalavati lililokuwa likifurika. Bwana harusi alimwambia, "Mke wangu, ukumbi unatusubiri." Akamjibu, "Na maji nayo yanasubiri." Mungu aliwajalia watoto wawili, Vicky na Benedict.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ya mtaani kwao. Mwaka 2019 aliwaomba wenye nyumba kila mmoja atoe kipande cha uchochoro wa nyuma, upite mfereji wa kupeleka maji ya mvua bondeni. Wa kwanza kutoa alikuwa Mzee Pius, miezi michache kabla ya kufariki. Mwenye kushika utepe wa kupimia alikuwa Ansbert. Bwana Twaha, jirani muuza vyombo, alimtania kila alipomwona ameinama kwenye matope.

"Dokta, unatafuta dhahabu humo?"

"Natafuta njia ya maji, baba. Yakiikosa yatapita dukani kwako."

"Yapite tu, mwanangu, mradi yaondoke na panya!"

Mfereji ulikamilika mwaka 2021. Masika matatu yalifuata, na hakuna duka la mtaa ule lililoingia maji.

Desemba 2024 familia ilipanda Kilema kula Krismasi, kama desturi yetu. Ansbert alibaki, akasema analinda duka aliloachiwa na baba. Waliporudi Januari walikuta mfereji nyuma ya nyumba ya baba umejazwa kifusi na kumwagiwa zege, na juu yake imesimama stoo ya duka. Candida aliliangalia zege lile. Ansbert alimwambia: "Dada, maji hayana duka. Mimi ninalo."

Aprili maji yalirudi mtaani. Bi Salma, aliyekuwa ametoa uchochoro wake bila kinyongo, alipoteza mzigo wote wa vitenge. Alikuja mlangoni na kusema, "Kumbe mlituomba nafasi ili mjijengee wenyewe." Neno hilo lilimuumiza marehemu kuliko yote. Kwa watu wale, jina lake ndilo lililokuwa dhamana.

Hatusemi kwamba hilo ndilo lililomuua. Ugonjwa wa figo uligunduliwa mwaka 2023, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia. Lakini yafuatayo aliagiza yasomwe mbele yenu.

Mwezi uliopita Ansbert alifika hospitalini na wazee wawili kutoka nyumbani, mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu Wachaga, anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Candida alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, mdogo wangu. Lakini maji hayapokei isale. Kafungue."

"Nitafungua, dada."

Kila asubuhi baada ya hapo, alimuuliza mumewe kama nyundo zimeanza kusikika kule nyuma. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amepokea sakramenti. Hadi tunatoka nyumbani leo, zege bado lipo.

Aliomba asirudishwe Kilema, bali azikwe hapa Dar es Salaam, karibu na kazi yake ambayo haijaisha. Aliomba pia kaburi lake lisijengewe kwa zege. Liachwe udongo mtupu, maji yapite. Jani la isale amewekewa mkononi, aende nalo mbele za Mungu kuonyesha kwamba yeye alisamehe.

Ameacha mume, Jovin; watoto, Vicky na Benedict; mama mzazi, Josepha; mdogo wake wa kike, Fortunata; na mdogo wake wa kiume, Ansbert, ambaye marehemu alimvusha maji mgongoni.

Masika yanaanza mwezi ujao. Ee Bwana, umlaze mja wako Candida mahali pakavu, na mvua ikija imkute amepumzika.