Tabea Akyoo na Herufi Zilizomtafuta Joel

Dada yetu Tabea Sadoki Akyoo, mnayemjua kama Mama Joel, alizaliwa Akheri tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Sadoki na Mama Silantoi, wakulima wa kahawa. Alisoma hapohapo hadi darasa la saba. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata walimu wakampa kazi ya kuandika ratiba ya ukutani. Hesabu, tusidanganyane mbele ya jeneza, zilimshinda.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji mjini, na kilipofungwa mwaka 1993 akaanza kuchora vibao vya maduka. Herufi zake mnazijua: nene, zimelalia kulia, zina vikucha kwenye ncha. Zilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mchungaji alimwomba aandike KIMYA kwenye mlango wa chumba cha maombi. Alipokiona kibao alishika kiuno: "Mama Joel, hii kimya yako mbona inapiga kelele?" Tabea alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaandika upya kwa herufi ndogo zilizosimama.

Alifunga ndoa na Richard Mbise tarehe 6 Oktoba 1984. Walijaliwa Joel mwaka 1987, kisha Catherine. Joel alikua akichora pamoja na mama yake. Vibao vingi vya Sombetini ni kazi ya mikono yao wawili. Agosti 2008 waligombana kwa sababu ya pombe. Tabea alimwambia, "Toka, na usirudi mpaka akili ikukae sawa." Joel akatoka. Jamani, hakurudi.

Mabango ya kompyuta yalipoingia, wateja walimtaka abadilishe mwandiko. Alikataa katakata: "Nikibadilisha, mwanangu akipita atajuaje kwamba nipo?" Mwaka 2019 Catherine alizipiga picha herufi hizo, akazitengenezea fonti ya kompyuta. Mama alikaa nyuma yake akiamuru: "Nenepesha. Vikucha vionekane. Labda yuko mbali." Leo ziko kwenye mabango ya harusi na saluni, Moshono hadi Engutoto, na wengi wanaozitumia hawajui kwamba zinamtafuta mtu.

Januari 2024 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Kila gari liliposimama getini aliuliza, "Ni nani huyo?" Ilituuma kumjibu. Alifariki nyumbani Moshono tarehe 2 Juni 2025, saa nane mchana, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Catherine, wajukuu watatu, na Joel. Wapo walioshauri jina hilo tuliache. Hatukuliacha, kwa kuwa mama yake hakuwahi kumtoa miongoni mwa walio hai hata siku moja. Karatasi hii imechapwa kwa herufi zake. Chukueni nakala, mzibandike stendi za huko mnakokwenda. Joel, neno lile mama alilijutia hadi mwisho. Njoo nyumbani.

Tabea, Mungu akupumzishe kwa amani. Kumtafuta tuachie sisi.