Mwalimu Mellen Bitutu na Kantata ya Kendu Bay

Wazee wa kanisa, jamaa na marafiki, naitwa Benard Omwenga, na kwa niaba ya familia nasimama kuwaeleza maisha ya dada yangu mkubwa, Mwalimu Mellen Bitutu Ogweno.

Mellen alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 mjini Migori, kifungua mimba wa marehemu Simeon Onchiri na marehemu mama yetu Nyanchama, waliohamia huko kutoka Kisii kufanya biashara ya nafaka. Alisoma Migori, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1982, na huko ndiko alikosikia kantata za zamani za makanisa ya Ujerumani, nyimbo ndefu za kwaya na ala zenye sehemu kadhaa, akarudi likizo akituimbia besi tukipukuchua mahindi.

Mwaka 1985 alianza kufundisha muziki Kendu Bay, na tarehe 20 Agosti 1989 akafunga ndoa na shemeji yetu Tobias Ogweno, mpiga hodari wa orutu, fidla ya Waluo ya uzi mmoja, aliyeitundika orutu yake alipobatizwa, kwa kuwa waumini waliiona kuwa chombo cha vilabu vya pombe. Mungu akawajalia watoto wawili, Scovia na Bravin.

Mwaka 2016 alitunga kantata yake mwenyewe kwa Kiswahili, yenye sehemu sita, kwaya ikifungua kwa sauti nne zinazofukuzana, kisha mwimbaji mmoja akisimulia kama anayezungumza huku kinanda kikimshikia tu, kisha aria, wimbo wa mwimbaji mmoja wa sauti ya alto, masimulizi mara ya pili, kisha waimbaji wa tena na wa besi wakijibizana, na mwisho wimbo mwepesi ambao kanisa lote lingeweza kuuimba. Fidla alizipata shuleni, na sauti ya chini kabisa akaipa obokano, kinubi kikubwa cha kwetu Kisii. Ila pale kwenye aria, ambapo Wajerumani wangeweka obo, zumari lenye sauti ya kulia, yeye aliandika orutu, akijua vizuri nani ataipiga.

Mzee wa kanisa, Mirumbe, alikataa katakata orutu isiingie kanisani. Mellen hakugombana, alimwambia, "Mzee, njoo mazoezini usikilize, ukiona haifai nitaiondoa mwenyewe." Akaja. Ogweno alianza peke yake, alto akaingia, wakaenda pamoja hadi sehemu ya katikati, ile ya huzuni, ilipokwisha orutu ikanyamaza, na Mirumbe akauliza, "Imekwisha?"

"Bado, Mzee, aria hurudi mwanzo," Mellen akajibu, na waliporudia, Mzee alikuwa amefumba macho, na orutu ikabaki. Tarehe 10 Desemba 2016 kantata iliimbwa yote kanisani, na tangu siku hiyo Ogweno hajaitundika orutu.

Saratani ilimpata Mellen Machi 2023, akatibiwa Homa Bay kwa moyo mkuu, na jioni ya tarehe 17 Februari 2025, Ogweno akimpigia orutu kando ya kitanda, alifumbua macho akasema, "Polepole, baba Scovia, alto bado hajavuta pumzi." Asubuhi iliyofuata alituacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay, majirani waliotupikia na kukesha nasi, walimu wenzake, wanakwaya, na Mzee Mirumbe, aliyeomba mwenyewe kusimama leo na kwaya upande wa besi.

Dada yangu, kazi uliifanya vizuri. Pumzika sasa, na iwe kwa amani.